Maji ya Lori Letu Yalikuwa Yakienda Wapi?

Wanachama wengi wamefika ofisini, na wengine wametusimamisha sokoni na nje ya msikiti, wakiuliza kwa nini lori la chama lilikaa siku nne bila ya kwenda kuchukua karafuu, hali ya kuwa lilikuwa ndiyo kwanza limetoka gereji. Swali hilo ni haki yao, maana matengenezo yale yalilipwa kwa michango yao. Tena wapo miongoni mwao wenye gari na mashine zao wenyewe, na yaliyotupata sisi huenda yakawapata na wao. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyokuwa.

Injini ilifunguliwa ili kubadilishwa gasketi iliyo chini ya kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita hedi. Iliporudi ilikuwa na nguvu njema na sauti nzuri. Lakini kila safari ya kutoka Wete hadi Chake Chake, kwa vile vilima tunavyovijua, maji ya rejeta yalipungua yapata lita moja na nusu, na chini ya gari hapakuonekana hata tone. Fundi alitoa hukumu papo hapo: gasketi mpya imeungua, hedi ishushwe tena. Maana yake ni gasketi nyengine, ujira mwengine, na lori kulala gereji juma zima katikati ya msimu. Na karafuu mbichi hazimngojei fundi. Zikirundikwa kwenye magunia hupata joto, huvunda na kupoteza rangi, na hata zikianikwa baadaye juu ya majamvi hazirudi kuwa karafuu za daraja la kwanza. Kamati ikaamua kwamba hedi isiguswe mpaka ithibitike kuwa maji yanapitia huko.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba maji kupungua baada ya matengenezo si lazima yawe yanavuja. Injini ikimwagwa maji yote kisha ikajazwa upya, hewa hunasa ndani yake. Inapopata njia ya kutoka, maji hushuka kujaza nafasi ile. Ndiyo maana maji hutiwa taratibu, injini ikiwa baridi, kisha ikaachwa izunguke polepole kifuniko kikiwa wazi, mpaka thamostati ifunguke na mapovu yakome. Hewa hupunguza maji mara moja au mbili, basi. Lori letu lilipungukiwa safari tatu mfululizo, kwa kiasi kile kile. Hapo hapakuwa na hewa tena.

Ama gasketi iliyoungua ina dalili zake. Oili hugeuka nyeupe kama tui la nazi. Bomba la moshi hutoa mvuke mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto. Mapovu hutoka kwenye rejeta mfululizo tangu injini inapowashwa, na mipira ya maji hujaa ikawa migumu kabla maji hayajapata joto. Iko pia dawa ya maji inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambayo hubadilika rangi ikikutana na moshi wa injini. Tulizitafuta dalili hizi zote, tusiione hata moja. Basi maji yalikuwa yakitokea nje.

Lakini mbona hapakuwa na tone? Jawabu limo katika kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho hufungia maji kwa nguvu, na maji yaliyofungiwa hivyo huweza kufikia kiasi cha digrii 120 ndipo yachemke, badala ya digrii 100. (Kwa sababu hiyo hiyo usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto; maji yatakurukia usoni.) Ufa mwembamba kama unywele hujifumba injini inapopoa, hufumbuka inapopata moto, na kile kidogo kinachotoka huangukia chuma cha moto kikawa mvuke kabla ya kufika chini. Mwenye kuchungulia uvunguni asubuhi hapati kitu.

Tuliiosha injini, tukaikausha, tukaiacha ilale. Asubuhi tuliazima pampu ya mkono yenye saa, ile inayofungwa mahali pa kifuniko, tukaipiga mpaka kiasi kilichoandikwa juu ya kifuniko, bila ya kuzidisha. Mshale ukaanza kurudi, polepole sana. Hapo ndipo kazi ya macho ilipoanza, kwa kurunzi na kijioo kidogo, na tulianzia mahali mkono wa fundi ulipopita: mipira mikubwa na klipu zake, nyumba ya thamostati, tundu dogo chini ya pampu ya maji linalodondosha maji sili ikifa. Kote kukavu.

Aliyeona ni utingo wetu, kijana mwenye macho ya kuangua karafuu. Nyuma ya alteneta kuna mpira mfupi, urefu wa kidole, unaounganisha pampu na nyumba ya thamostati. Chini yake palikuwa na mstari mweupe kama chokaa, alama ya maji yaliyokauka. Akaubonyeza kwa kidole, maji yakamrukia mkononi. Ulikuwa mpira wa zamani uliorudishwa, na klipu ilibana juu ya ufa. Dawa yake ilikuwa mpira mmoja na klipu mbili, na kazi haikufika saa moja.

Hatusemi kwamba fundi yule alitaka kutula. Aliona maji yanapungua, akakumbuka kitu kikubwa alichokifanya. Lakini twasema wazi kwamba injini ikishafunguliwa, mpira wa zamani haustahili kurudishwa, na mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa kilichotolewa na kilichowekwa.

Wako waliotushauri tutie ute wa yai au unga wa manjano kwenye rejeta ili uzibe. Vitu hivyo huziba kweli, illa huziba na vijinjia vya rejeta. Kadhalika maji ya visima vya pwani, yenye chumvi, hula hedi na pampu. Lori sasa linatiwa maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa na dawa ya rejeta. Dawa hiyo ina ladha tamu na ni sumu, basi chupa zake zisiwekwe karibu na watoto wala mbuzi.

Dereva amepewa daftari, na kila asubuhi kabla ya kuwasha huandika kiasi cha maji na oili. Tangu mpira ule ubadilishwe, lori limekwenda safari kumi na moja na maji hayajashuka. Zamu zimeanza tena. Wanachama ambao karafuu zao zilikwama siku zile nne ndio watakaochukuliwa mwanzo, na orodha yao imebandikwa mlangoni mwa ofisi.