Akiba Yenye Kwato: Yupi Abaki, Yupi Auzwe, Yupi Atolewe?

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hapana shaka aliyeitunga methali hiyo alikuwa mkulima mwenye ghala, wala hakuwa mfugaji wa Oltepesi. Akiba ya mfugaji ina kwato na ina tumbo. Kila asubuhi huamka na njaa, na mvua ikikatika misimu miwili mfululizo, akiba hiyo huoza mbele ya macho ya mwenyewe.

Msomaji anayeijua barabara itokayo Kiserian kwenda Magadi ataikumbuka Oltepesi. Ukiyapa kisogo mabega ya vilima vya Ngong, barabara huteremka kuelekea sakafu ya Bonde la Ufa, hewa ikizidi kuwa ya joto na miti ikizidi kupungua kimo. Si mbali na hapo pana Olorgesailie, ambako shoka za mawe zilizochongwa na binadamu wa kale zingali zimelala ardhini, ushahidi kwamba watu wameishi katika nchi hii kavu kwa mamia ya maelfu ya miaka. Wameishi, lakini hawajapata kuishi kwa urahisi.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana au zikapungua mno katika misimu mitano iliyofuatana. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kufikia mwisho wa kipindi hicho mifugo zaidi ya milioni 2.4 ilikuwa imekufa nchini Kenya, na Kajiado ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoonja uchungu huo. Idadi hiyo ni kubwa kiasi cha kutoingia akilini. Mwalimu wa sehemu hizo huisoma kwa njia nyingine: dawati lililo tupu, na mwanafunzi aliyetumwa nyumbani kutafuta karo akamkuta babaye anamvuta mkia ng'ombe asiyeweza kusimama. Ng'ombe huyo angelipa karo ya muhula miezi mitatu kabla. Sasa hata mnunuzi wa ngozi humtazama mara mbili.

Swali ninalotaka tulitafakari leo si geni kwa mtu yeyote mwenye mkusanyiko wa vitu vyenye thamani, viwe vitabu, mapambo au silaha za marehemu babu. Kipi kiwekwe, kipi kiuzwe, kipi apewe mwingine? Tofauti ni kwamba mwenye vitabu aweza kuahirisha uamuzi hadi mwaka ujao, na kitabu kitamngoja rafuni. Ng'ombe hangoji.

Kuhusu swali hili pana kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wazee waonao kwamba kupunguza kundi ni kujipunguzia utu. Kambi ya pili ni ya wataalamu wa mijini, ambao kila mwaka wa ukame huwahimiza wafugaji wauze, kana kwamba Mmaasai hufuga kwa kiburi cha kuhesabu pembe. Maoni yangu ni kwamba kila kambi imeshika kitenzi kimoja na kuiacha mingine. Kazi ni tatu: kuweka, kuuza na kutoa. Zote tatu zapasa kufanywa mapema, mnyama mmoja baada ya mwingine. Na ile ya tatu, inayoelekea kusahauliwa, ndiyo iliyowaokoa wengi zamani.

Tuanze kwa kuwatendea haki wazee. Kundi kubwa halikuwa ujinga. Mwenye ng'ombe 60 akipoteza theluthi mbili hubaki na 20, nao waweza kulijenga boma upya. Mwenye 9 akipoteza theluthi mbili hubaki na watatu, naye huenda akawa mlinzi wa usiku mjini Kitengela. Wingi ulikuwa bima. Lakini bima hiyo ilitegemea jambo moja, nalo ni uhuru wa kuhama. Sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha ranchi za jumuiya iliwagawia wenyeji ardhi kwa vikundi, na baadaye nyingi za ranchi hizo zikakatwa vipande vya mtu mmoja mmoja. Anayetaka kuona mwisho wa safari hiyo na aende Kitengela, ambako mbuga zilizokuwa malisho zimejaa nyua, nyumba na machimbo ya mawe. Ng'ombe ni wale wale, tumbo ni lile lile, ila njia imezibwa. Hivyo hesabu iliyokuwa sahihi kwa babu si lazima iwe sahihi kwa mjukuu.

Hesabu yenyewe mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji kwa kawaida kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake kila siku kwa malisho makavu, yaani kilo 6 hivi. Tuchukue mfano wa boma lenye ng'ombe 40. Hao watahitaji kilo 240 kwa siku. Ikiwa robota moja la nyasi lina kilo 15, hayo ni marobota 16 kila siku. Kuanzia Juni hadi Septemba ni siku 120 hivi, kwa hiyo ni marobota 1,920. Ni mfugaji gani wa Oltepesi awezaye kuyanunua? Asipoyanunua, hachagui tena yupi abaki. Ukame ndio utakaomchagulia, nao hauchagui kwa hekima.

Basi, yupi abaki? Jibu la kwanza ni koo, yaani jike anayezaa vizuri na kutunza ndama wake, hasa akiwa na mimba. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na mtamba wa kienyeji aghalabu hufikisha miaka minne hivi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kumpoteza koo mmoja, basi, ni kupoteza miaka, si mnyama tu. Wabaki pia mitamba walio bora, fahali mmoja aliyethibitika, na mbuzi majike, kwa kuwa mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu na humpatia mwenyewe maziwa na fedha kabla ng'ombe hajajiweza.

Hapa niongeze neno kuhusu mbegu. Kwa miaka mingi wafugaji wamevutiwa na kondoo wa Dorper kwa sababu ya ukubwa wa mwili, wakawachanganya ovyo na kondoo mwekundu wa Kimaasai hata mwenye damu safi akaanza kuwa adimu. Watafiti wamethibitisha kwamba kondoo huyo mwekundu, mdogo wa umbo, ana uwezo mkubwa wa kustahimili minyoo wa tumboni wanaowaangamiza wenzake. Anayechagua kwa kutazama mizani pekee atamwuza yule ambaye siku ya shida angemfaa. Mwenye kundi na awaweke japo wachache wa asili. Siku mbegu itakapokwisha, hakuna mnada utakaomwuzia nyingine.

Yupi auzwe? Maksai na madume ya ziada, majike tasa, na wakongwe ambao meno yao yamekwisha. Hao wote hula nyasi za koo. Lakini ugumu hauko katika kuwataja, uko katika wakati. Mfugaji hungoja akitumaini wingu la Oktoba. Wingu lisipoleta kitu, boma zote humiminika mnadani juma moja, wanyama wakiwa mifupa, na bei huanguka kwa sababu mbili kwa pamoja: wauzaji ni wengi, na nyama haipo. Serikali imewahi kuwanunua mifugo wakati wa ukame kupitia Tume ya Nyama, KMC, iliyoanzishwa mwaka 1950 na yenye kiwanda chake Athi River. Ni msaada wenye nia njema. Hata hivyo, msaada ungojao janga litangazwe hufika wakati mnyama amekwisha kupoteza thamani yake. Mtu asiuweke kuwa mpango wake wa kwanza.

Tulirudie boma letu la ng'ombe 40. Tuseme lina koo 18, mitamba 9, ndama 6, na madume na maksai 7. Mwenyewe auze Juni, wangali na nyama, madume sita na majike wanne waliochoka au walio tasa. Mitamba wanne awapeleke kwa watu wengine, jambo nitakalolieleza hivi punde. Atabaki na 26: koo 14, mitamba watano, ndama sita na fahali mmoja. Mahitaji ya siku yatashuka kutoka marobota 16 hadi 10 hivi. Bado ni mengi, lakini sasa ana fedha za ng'ombe kumi walionona, na mvua itakaporejea, nguvu ya kuzaa ya kundi lake itakuwa karibu nzima.

Sasa tufikie kutoa. Wamaasai wana neno osotua, ambalo maana yake ya asili ni kitovu, ule ufungamano wa mtoto na mamaye. Ndilo jina la uhusiano wa watu wawili wanaosaidiana kwa mifugo. Kanuni zake ni chache: anayeomba huomba kwa sababu ana haja, tena huomba kiasi cha haja yake, anayeombwa hutoa ikiwa kutoa hakutamwangamiza. Hakuna riba wala daftari la deni. Kutoka zamani waliopeana mnyama waliweza hata kuitana kwa jina la zawadi yenyewe: paashe kwa waliopeana mtamba, pakine kwa waliopeana mbuzi, paker kwa waliopeana kondoo. Mnyama aliweza kufa, jina likabaki.

Mtu aweza kusema huo ni upole wa kale usiofaa katika dunia ya fedha. La hasha. Mwaka 2011 Athena Aktipis, Lee Cronk na mwenzao walichapisha uchunguzi ambamo walitumia kompyuta kuiga maisha ya makundi ya mifugo yanayopigwa na majanga ya kubahatisha. Makundi ambayo wenyewe walisaidiana kwa kanuni za osotua yalidumu muda mrefu kuliko yale ambayo kila mmoja alijitegemea. Kumbe mzee aliyempeleka mtamba kwa rafiki yake upande wa pili wa bonde hakuwa akitupa mali. Alikuwa akiihifadhi mahali ambapo ukame wa kwake usingeifikia, na pia akiyaokoa marobota ya nyasi nyumbani.

Nakiri kwamba kutoa kuna mipaka yake. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikumba nchi pana, na rafiki aliye kilomita 20 alikuwa na vumbi lile lile. Ndiyo maana kutoa hakuwezi kuchukua nafasi ya kuuza, na kuuza hakuwezi kuchukua nafasi ya kuweka. Anayetoa pekee ataombaomba. Anayeuza pekee atakuwa na fedha zitakazokwisha. Anayeweka pekee atakuwa na mizoga.

Pana jambo jingine lisilosemwa barazani. Uamuzi huu si wa mtu mmoja. Katika boma la Kimaasai mke hukabidhiwa ng'ombe wa kukamua, na mwana huwa na wake aliotengewa. Mama ndiye ajuaye ni yupi anayetoa maziwa hata wakati wa kiangazi na ni yupi anayemkataa ndama. Baba akikaa na dalali peke yao, watamwuza koo bora kwa kuwa ndiye mwenye bei nzuri. Mama akiulizwa, huenda kosa hilo lisitokee.

Na fedha zikipatikana je? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za ng'ombe kumi zigawanywe siku ile ile: za nyasi na dawa, za karo, na za kununulia mitamba mvua ikirudi. Zisipopangiwa kazi zitajitafutia yenyewe.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji maabara wala kitabu kipya. Mwanafunzi wa Oltepesi au Kitengela aende nyumbani likizo ya Aprili na daftari lenye safu tatu: abaki, auzwe, atolewe. Akae na babaye, mamaye na nyanyaye, amwandike kila mnyama kwa jina lake, umri wake na uzazi wake. Asiende kuwafundisha wazee ufugaji, kwani wao ndio watakaomfundisha. Aende kuwauliza swali mapema. Mvua za Machi hadi Mei zikiwa za kutosha, daftari lifungwe na Mungu ashukuriwe. Zikiwa haba, boma litakuwa na majibu yake mwezi Juni, wanyama wakiwa wangali wanasimama.

Mwaka ule wa mizoga, wengi waliopoteza mifugo hawakukosa akili wala bidii. Walikosa miezi mitatu. Hiyo ndiyo mali ambayo daftari la senti chache laweza kuwapa, na ndiyo pekee isiyouzwa katika mnada wowote.