Nyama kidogo, impwa mingi

Huku Kapata nyama ya ngombe haionekani kila siku kwenye sahani. Wazee waliofanya kazi Gécamines bado wanasimulia siku za posho, wakati kampuni iligawa unga kwa jamaa za wafanyakazi. Leo kila mama anajipangia mwenyewe, na nusu kilo inapaswa kutosha watu wanane.

Jumapili tulijaribu namna ya Wafilipino. Wao hukaanga nyama pamoja na ampalaya, tunda chungu la kijani lenye makunyanzi, la jamaa moja na tango. Sokoni hatukulipata, tukachukua impwa, zile ndogo chungu.

Nyama tuliikata nyembamba sana, kukatiza nyuzi zake, ndipo nusu kilo ionekane kilo. Impwa tulizipasua, tukazitia chumvi nusu saa, tukazikamua. Hapo ubishi ukaanza. Watoto walitaka tuzikamue tena na tena. Nkambo wao akakataa: « Mukitoa buchungu yote, mutakula nini sasa? » Tukamsikiliza yeye.

Mbabula iwake kweli. Mafuta yakipata moto, nyama inaingia kidogo kidogo. Ukiimwaga yote mara moja inatoa maji na kuchemka, haikaangiki. Itoe. Weka kitunguu, saumu, tomate, kisha impwa dakika chache. Nyama irudi mwishoni.

Tulikula na bukari. Mtoto wetu wa mwisho alichagua nyama, akaacha impwa pembeni. Nkambo akavuta ile sahani bila kusema kitu, akazimaliza.