Tiketi rahisi si safari rahisi: Msafiri wa India apange vipi siku nne nje ya nchi?

Kutoka ofisini Alhamisi jioni, kulala mji wa nchi nyingine, kisha kurudi kazini Jumanne asubuhi. Kwa vijana wengi wa Kolkata, Chennai, Delhi na Mumbai, hilo siyo tena jambo la matajiri pekee. Mashirika ya ndege ya bei nafuu yameongezeka, na nchi kadhaa za jirani zimewaondolea raia wa India viza.

Shida iko kwenye hesabu. Wengi huanza kwa kutafuta tiketi ya bei ya chini, wakiipata wanalipa, halafu mengine yatajulikana mbele ya safari. Kwenye safari ya wiki mbili, kosa la siku moja linavumilika. Kwenye safari ya siku nne, siku moja ikipotea ni robo ya safari nzima, na pesa yake hairudi.

Haya ndiyo mambo ya kupanga, kwa mpangilio wake.

Viza kwanza, tiketi baadaye

Kwa msafiri mwenye pasipoti ya India, viza ndiyo inayoamua kama mji ni rahisi au ghali.

Nepal ndiyo nyepesi kuliko zote. Mkataba wa mwaka 1950 kati ya nchi hizo mbili unawaruhusu raia wa India kuingia bila viza. Hata anayepanda ndege anaweza kutumia pasipoti au kadi yake ya mpigakura, kwa hiyo asiye na pasipoti bado ana pa kwenda.

Thailand iliwaondolea raia wa India viza Novemba 2023, na Julai 2024 ikaongeza muda wa kukaa hadi siku 60. Malaysia ilifuata Desemba 2023 kwa siku 30, kisha ikasogeza mpango huo hadi mwisho wa 2026. Kazakhstan inatoa siku 14 bila viza tangu Julai 2022. Vietnam inataka viza ya mtandaoni, ambayo ya kuingia mara moja ni dola 25.

Linganisha na Ulaya. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na ombi likikataliwa hairudishwi. Wanandoa wawili wanaweza kupoteza euro 180 kabla hata hawajaona uwanja wa ndege.

Masharti haya hubadilika, wakati mwingine kwa taarifa ya wiki chache tu. Kabla ya kulipa chochote, ni muhimu kuangalia tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji ya nchi husika, na kuhakikisha pasipoti ina angalau miezi sita mbele.

Tahadhari nyingine: Thailand na Malaysia zinataka fomu ya kidijitali ijazwe ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hizo ni za bure. Tovuti inayodai malipo kwa kazi hiyo siyo ya serikali.

Mji wa karibu unategemea anaishi wapi

India ni kubwa mno kuwa na jibu moja. Kwa ndege, Kolkata hadi Bangkok ni takriban saa mbili na nusu, na umbali wake unakaribiana na ule wa Kolkata hadi Mumbai. Anayeishi Kolkata anaweza kufika ng'ambo kwa muda uleule ambao angetumia kuvuka nchi yake.

Kwa wa Chennai, Colombo iko kama saa moja na nusu tu, ila aangalie kwanza masharti ya kibali cha mtandaoni cha Sri Lanka. Kuala Lumpur ni takriban saa nne. Wa Delhi anafika Kathmandu chini ya saa mbili, na Almaty kwa saa tatu hadi nne. Wa Mumbai ana Dubai kwa takriban saa tatu, lakini Wahindi wengi huhitaji kupata viza ya huko kabla ya kuondoka.

Kanuni rahisi: kwa siku nne, ndege ya moja kwa moja isiyozidi saa nne. Tiketi ya kuunganisha inaweza kuonekana nafuu, kumbe inakula nusu siku kwenda na nusu siku kurudi.

Hesabu saa, siyo siku

Huu ni mfano wa hesabu tu. Tuseme kuna tiketi mbili za kwenda na kurudi Bangkok. Ya kwanza ni rupia 15,000, inatua saa 8 usiku na haina begi la kupakia. Ya pili ni rupia 18,500, inatua mchana na begi limo.

Ya kwanza inaonekana mkombozi. Sasa ongeza begi rupia 2,500, taksi ya usiku kwa sababu treni zimelala rupia 1,000, na chumba cha usiku ule ambao msafiri atalala saa chache tu, rupia 2,000. Jumla ni rupia 20,500. Tiketi "ghali" imekuwa nafuu, na aliyeichukua ameanza siku yake ya kwanza akiwa amelala vizuri.

Uwanja wa kutua nao una bei yake. Bangkok ina viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang, na mashirika mengi ya bei nafuu hutumia Don Mueang. Kutoka Suvarnabhumi, treni ya kuingia mjini haizidi baht 45. Kuala Lumpur kuna treni ya haraka ya dakika 28 kwa ringgit 55 kwa mtu mzima. Kwa anayesafiri peke yake ni sawa, lakini watu wanne wakigawana taksi ya kuitwa kwa simu, mara nyingi wanalipa kidogo zaidi.

Kuhusu tarehe, sikukuu tatu za kitaifa za India, yaani 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba, zikigusa wikiendi kila mtu anataka kusafiri na bei zinapanda. Mwaka 2026, kwa mfano, 2 Oktoba ni Ijumaa. Anayeweza kuomba ruhusa ya siku moja wiki kabla au wiki baada ya hapo huokoa pesa zaidi kuliko anayesubiri sikukuu.

Fedha zinazovuja kimyakimya

Kadi nyingi za mkopo za India hukata hadi asilimia 3.5 kwa kila malipo ya fedha za kigeni, na juu yake kuna kodi. Mashine dukani ikiuliza ulipe kwa rupia au kwa fedha ya nchi hiyo, chagua fedha ya nchi hiyo. Ukichagua rupia, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na mwenye mashine, na kwa kawaida hakikufai.

Mfumo wa malipo ya simu wa UPI umeanza kukubalika kwa baadhi ya wafanyabiashara wa Nepal, Sri Lanka, Mauritius na Falme za Kiarabu. Nepal ina nafuu nyingine: fedha yake imefungwa kwa ya India tangu 1993, rupia 100 za India kwa 160 za Nepal, kwa hiyo hakuna kubahatisha.

Vifurushi vya mawakala navyo visomwe vizuri. Sheria ya kodi ya India humtaka wakala akusanye kodi ya awali, inayojulikana kama TCS, kwenye kifurushi cha safari ya nje. Pesa hiyo inaweza kudaiwa wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi, lakini kwa miezi kadhaa haiko mfukoni. Anayenunua tiketi na hoteli mwenyewe, kila kimoja kivyake, hakatwi kodi hiyo ya kifurushi.

Chakula na vya kuona

Wahindi wengi hawali nyama wala samaki, na hapo bajeti huharibika haraka. Bangkok, hata sahani ya mboga inaweza kuwa na mchuzi wa samaki, hivyo ni vizuri kujifunza neno "jay", linalotumika kwa chakula kisicho na nyama wala samaki. Kuala Lumpur ni rahisi zaidi. Mtaa wa Brickfields, jirani na stesheni kuu ya KL Sentral, umejaa vyakula vya Kihindi, na kutoka hapo kuna treni hadi Batu Caves, ambako kupanda ngazi 272 hadi hekaluni ni bure. Kathmandu, kwenye viwanja vya kale vya Durbar, raia wa nchi za SAARC, India ikiwemo, hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wengine.

Vipi Nairobi au Zanzibar?

Zinapendwa, lakini siyo za siku nne. Mumbai hadi Nairobi ni kama saa sita angani. Kenya inataka kibali cha mtandaoni tangu Januari 2024, na Tanzania ina viza ya dola 50.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. India huwataka wanaotoka Kenya waonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6 akirudi nyumbani. Aliyeomba ruhusa ya siku mbili kazini atajikuta akieleza kwa bosi kutoka karantini.

Kabla ya kubonyeza "lipa"

Andika kwenye karatasi moja: viza, tiketi na begi, usafiri wa uwanjani kwenda na kurudi, usiku wote wa hoteli, chakula, kiingilio, makato ya kadi na bima. Jumlisha, kisha gawa kwa saa utakazokuwa mjini ukiwa macho. Fanya hivyo kwa miji miwili au mitatu. Mara nyingi mji wenye tiketi ya bei ya chini kabisa hautakuwa wa kwanza kwenye orodha.