Karatasi Kabla ya Mawe: Utangulizi wa Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji katika Madini

Julai 2023 baraza la wasuluhishi watatu liliamua kwamba Serikali ya Tanzania iwalipe wawekezaji wa mradi wa nikeli wa kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, takriban dola za Marekani milioni 109.5, riba na gharama zikiwa humo. Mwaka uliofuata pande mbili zilikubaliana dola milioni 90 zilipwe kwa awamu, na shauri likafungwa. Nikeli yenyewe ingali ardhini. Hakukuwa na mgodi Ntaka, wala mtambo wa kuchenjulia, wala kontena lililokwenda bandarini. Kulikuwa na mashimo ya utafiti, ripoti za wanajiolojia na leseni.

Mwanafunzi anayekutana na kesi hii kwa mara ya kwanza hudhani kuna kosa la uchapaji. Nchi ilipeje fedha zote hizo kwa mgodi ambao haujawahi kuwapo? Anayeuliza hivyo tayari ameshaingia kwenye taaluma yetu, na utangulizi huu ni wake, awe wakili, mhandisi wa migodi, mwandishi wa habari au ofisa wa wizara. Jibu langu, ambalo baadhi ya wenzangu hawalikubali, ni kwamba kesi za madini haziamuliwi sana Washington wala London. Huamuliwa siku leseni inapotolewa, inapohuishwa au inapofutwa, na mtu mwenye kalamu na muhuri ambaye pengine hajawahi kusikia habari za usuluhishi wa kimataifa. Wasuluhishi huja miaka mingi baadaye, na kazi yao kubwa ni kusoma jalada alilowaachia.

Tuanze na mfumo wenyewe. Zamani mwekezaji aliyeona amedhulumiwa ugenini alikuwa na njia mbili: aende mahakama za nchi hiyo, au ailalamikie serikali ya kwao. Serikali ya kwao iliandika barua. Ikikasirika sana ilileta manowari, kama Ujerumani, Uingereza na Italia zilivyoizingira Venezuela mwaka 1902 kwa sababu ya madeni. Mwaka 1959 Ujerumani Magharibi na Pakistan zilitia saini mkataba unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa nchi mbili wa kulinda uwekezaji. Mwaka 1965, chini ya Benki ya Dunia, ukaja Mkataba wa Washington uliounda ICSID, kituo cha kushughulikia migogoro kati ya dola na raia au kampuni za dola nyingine. Kenya iliingia katika miaka ya mwanzo kabisa. Tanzania ilijiunga mwaka 1992.

Kujiunga na kituo hakutoshi kuishtaki nchi. Lazima iwepo ridhaa ya maandishi. Ridhaa yaweza kuwa ndani ya mkataba wa uchimbaji, au ndani ya sheria ya uwekezaji ya nchi, au ndani ya mkataba ule wa nchi mbili, na hapo ndipo serikali nyingi ziliposhtuka. Dola hutia saini leo, na miaka ishirini baadaye hujitokeza kampuni isiyowahi kuahidiana nayo chochote ana kwa ana, ikafungua mkataba na kusema: mliniahidi. Mlango huo ulifunguka mwaka 1990 katika tuzo dhidi ya Sri Lanka kuhusu shamba la kufugia kamba. Haukuchukua muda kufika kwetu. Mwaka 1995 Mbelgiji Antoine Goetz na wenzake waliipeleka Burundi ICSID. Kampuni yao ya Bujumbura, AFFIMET, ilikuwa ya madini ya thamani na ilifanya kazi kwa hati ya eneo huru la kiuchumi, ambayo serikali iliiondoa. Baraza halikusema kuwa Burundi haina mamlaka ya kuondoa hati. Lilisema ikiiondoa ilipe fidia, la sivyo iirudishe. Mwaka 1999 pande zote zilipatana: karibu dola milioni 3 za kodi na ushuru zikarudishwa, na hati mpya ikatolewa. Ni kesi ndogo, husahaulika vitabuni, nami huwapa wanafunzi waisome mapema kwa sababu mgogoro mzima unaingia katika karatasi moja.

Kwa kawaida wasuluhishi huwa watatu: kila upande humteua mmoja, na mwenyekiti hupatikana kwa makubaliano, yakishindikana, huteuliwa na mamlaka ya kituo. Hawawapatanishi wagomvi, wanahukumu. Na hukumu yao, inayoitwa tuzo, haina rufaa. Wakili aliyezoea kupanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani hapa hupigwa na butwaa. Lipo ombi la kubatilisha tu, kwa sababu tano finyu kama vile rushwa kwa msuluhishi au baraza kuvuka mamlaka yake waziwazi. Kamati ya ubatilishaji ikiona baraza limekosea kutafsiri sheria, kosa hilo peke yake halitoshi. Tuzo ikisimama, kila nchi mwanachama inatakiwa kuitekeleza kana kwamba ni hukumu ya mwisho ya mahakama yake yenyewe.

Sasa turudi kwenye leseni. Sheria ya Madini ya Tanzania ya 2010 ilikuwa na leseni hodhi. Ukigundua mashapo yenye thamani, lakini bei ya soko au teknolojia haikuruhusu uchimbe kwa faida, uliruhusiwa kulihodhi eneo kwa kipindi maalumu. Serikali iliona, na si bila sababu, kwamba maeneo mengine yalikuwa yamekaliwa kama viwanja vya kulangua. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yaliiondoa leseni hiyo, na kanuni za Januari 2018 zikafuta zote zilizokuwapo. Mwishoni mwa 2019 maeneo yakatangazwa kwa zabuni. Nikiulizwa ni karatasi ipi iliyoigharimu nchi zaidi, nitaelekeza kidole kwenye tangazo hilo la zabuni kabla ya kanuni zenyewe. Kufuta aina ya leseni kunaweza kutetewa kuwa ni sera. Kumtafutia mnunuzi mpya mwamba ambao mwingine amelipia utafiti wake, bila kuzungumza naye kwanza juu ya fidia, ni vigumu kukutetea.

Kesi tatu zilitokana na kufutwa huko. Ntaka tumeiona. Winshear, kampuni ya Kanada iliyotafuta dhahabu kusini-magharibi mwa Tanzania, ilimalizana na serikali mwaka 2023 kwa dola milioni 30. Montero, nayo ya Kanada, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro, ilimaliza mwaka 2024 kwa dola milioni 27. Jumla ya makubaliano hayo matatu ni dola milioni 147. Lakini leseni hodhi ya Kabanga kule Ngara nayo ilifutwa, na mambo yakaenda kwingine: Januari 2021 serikali ilitia saini na mwekezaji mpya, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel yenye asilimia 16 za serikali. Kanuni zilikuwa zile zile. Mazungumzo ndiyo yaliyotofautiana.

Kenya inatupa upande wa pili wa shilingi. Mrima ni kilima chenye msitu katika kaunti ya Kwale, kaya (mahali patakatifu) ya Wadigo, msitu wa hifadhi na kumbukumbu ya taifa kwa wakati mmoja. Chini yake kuna niobi na madini adimu. Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji. Agosti mwaka huo huo waziri mpya akatangaza kuifuta pamoja na nyingine. Wawekezaji, wakitumia mkataba wa Kenya na Uingereza, walidai takriban dola bilioni 2. Nje ya chumba cha mashauri wengi waliamini Kenya imekwisha: waziri amefuta leseni kwa tangazo tu, ushahidi gani tena unahitajika?

Baraza, chini ya Ian Binnie, jaji wa zamani wa Mahakama ya Juu ya Kanada, halikuanza na waziri. Lilianza na jalada. Je, tathmini ya athari kwa mazingira ilikamilishwa na kuidhinishwa kabla ya leseni? Hapana. Je, ridhaa zilizotakiwa na sheria za misitu na za kumbukumbu za taifa zilikuwapo? Hapana. Basi leseni ilikuwa batili tangu siku ilipotolewa, na mkataba wa kulinda uwekezaji haulindi kitu ambacho sheria ya nchi haikukizaa. Baraza lilikuwa makini kusema kuwa kosa dogo la utaratibu lisingetosha. Hapa palikuwa na ukiukaji mzito, katika eneo nyeti, uliofanywa na watu waliojua wanachokikwepa. Tuzo ya Oktoba 2018 ikaiacha Kenya bila deni na kuwatoza wadai gharama. Ombi la kubatilisha likashindwa mwaka 2021.

Cheti cha mazingira ambacho maofisa na wawekezaji wengi hukiona kero ndicho kilichoikoa Hazina ya Kenya, kwa sababu hakikuwapo. Lakini isisomwe kama ushindi mtupu. Leseni hiyo batili ilitolewa na ofisi ya serikali yenyewe, na wapo wanazuoni wanaohoji, kwa haki, kwa nini dola inufaike na uzembe wa ofisa wake.

Mgogoro wa makinikia ni wa namna nyingine, na msomaji wa Kiswahili anaukumbuka bila kufundishwa. Machi 2017 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini ambao haujachenjuliwa kikamilifu. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya serikali chini ya Profesa Mruma ikapima madini yaliyomo, ya Profesa Osoro ikakokotoa fedha. Julai kampuni ya dhahabu ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, adhabu na riba zikiwamo. Kampuni tanzu za Acacia zilifungua usuluhishi, zikitumia mikataba yao ya uchimbaji, si mkataba wa nchi na nchi. Wakati shauri likisubiri, mmiliki wake mkubwa, Barrick, aliketi mezani na timu ya serikali chini ya Profesa Kabudi, na Oktoba tukasikia habari za kishika uchumba cha dola milioni 300. Barrick ilinunua hisa zilizobaki za Acacia mwaka 2019, na Januari 2020 ikasainiwa mikataba ya kampuni ya pamoja ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16 na manufaa ya kiuchumi yakigawanywa nusu kwa nusu. Dola bilioni 190 hazikuthibitishwa na baraza lolote, wala madai ya Acacia. Migogoro mingi ya madini huishia hivyo: shauri hufunguliwa ili liwe uzito mezani. Aliyesoma tuzo tu, bila kufuatilia makubaliano, amesoma nusu ya taaluma.

Eneo lenye ubishi mkubwa kuliko yote ni hesabu ya fidia. Mwaka 2011 jimbo la Balochistan liliinyima kampuni ya Tethyan leseni ya kuchimba shaba na dhahabu ya Reko Diq, Pakistan. Kampuni ilisema imetumia dola milioni 220 hivi katika utafiti. Tuzo ya 2019 ilikaribia dola bilioni 6 pamoja na riba, kwa sababu baraza lilikadiria mapato ambayo mgodi ungeyaleta kwa miongo ijayo kisha likayarudisha katika thamani ya leo. Kwa upande mwingine, nchini Peru, Bear Creek ilidai zaidi ya dola milioni 500 kwa mradi wa fedha wa Santa Ana, mkoani Puno. Mwaka 2017 ikapata dola milioni 18.2 na riba, yaani ilichokuwa imetumia, kwani baraza halikushawishika kwamba mgodi ungefunguliwa. Kati ya namba hizo mbili hakuna kanuni iliyotulia. Mimi niko upande wa tuzo ya Santa Ana: mashapo ambayo hayajapata vibali vyote wala mkopo wa benki hayana faida ya kukadiriwa kwa uhakika huo, na bei ya shaba ya miaka thelathini ijayo haijui mtu. Pakistan yenyewe ilinusurika kwa kupatana: mwaka 2022 mradi uligawanywa nusu kwa nusu na Barrick, mmoja wa wamiliki wa Tethyan.

Santa Ana ina jambo jingine. Mradi ulikwama baada ya jamii za Waaymara kufunga barabara mwaka 2011. Msuluhishi Philippe Sands, katika maoni yake ya kutofautiana na wenzake, alitaka hata zile milioni 18 zikatwe nusu, kwa kuwa kampuni ilichangia kuharibu uhusiano wake na wenyeji. Wenyeji hao hawakuwa na kiti katika kesi. Sheria inawajua wawili tu, dola na mwekezaji. Mwanakijiji akibahatika huruhusiwa kuleta maandiko kama rafiki wa baraza, na baadhi ya maombi ya aina hiyo hukataliwa.

Nchi hazikukaa kimya. Sheria za Tanzania za 2017 zilielekeza migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vya ndani. Sheria ya ndani, hata hivyo, haifuti ridhaa iliyotolewa kwa mkataba wa kimataifa, na ndiyo maana kesi za leseni hodhi ziliendelea. Tanzania iliuvunja mkataba wake wa uwekezaji na Uholanzi kuanzia Aprili 2019, lakini uwekezaji wa kabla ya hapo unaendelea kulindwa kwa miaka 15.

Kwa anayeanza, tuzo ya Cortec inapatikana hadharani kwa ukamilifu, na ya Bear Creek pia. Aziruke kwanza sura za sheria. Asome sehemu ya matukio, akiandika pembeni tarehe ya kila barua, kila kibali na kila muhuri, na jina la ofisi iliyotoa. Kisha ajaribu kutabiri mshindi kabla ya kugeuza ukurasa.