Kodi ya pombe na sigareti: sehemu ya kijiji iko wapi?

Siku moja ya soko, karibu na depo ya pombe, mama mmoja wa kooperative alituuliza: «Banaume betu banakunywaka, Leta inapataka kodi. Lakini njia ya mashamba haitengenezwake. Ile makuta inaendaka wapi?» Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Ulizo lake lilikuwa la kweli.

Kodi isiyoonekana

Kuna kodi moja inayoitwa aksizi. Haitozwi juu ya kila kitu. Leta inachagua vitu fulani: pombe, vinywaji vya sukari, sigareti, esansi na mazutu, hata mawasiliano ya simu. DGDA, ofisi ya duane na aksizi, inaipokea kiwandani ao mpakani. Mwenye kiwanda anaitanguliza, kisha anaiingiza ndani ya bei. Basi anayeilipa kweli ni mnunuzi wa kijijini, hata kama hajapewa kitansi yoyote. Na asiyekunywa pombe naye analipa, kwa sababu lori linalobeba mihogo yake linatumia mazutu. Juu ya mafuta hayo kuna tena malipo ya FONER, mfuko uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 kwa ajili ya kutunza barabara.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, inapatia majimbo 40% ya mapato ya taifa, na inasema yakatwe palepale yanapopokelewa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaongeza: katika sehemu hiyo ya jimbo, 40% ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Tuhesabu pamoja. Kwa kila franka 100, jimbo linapata 40. Katika zile 40, franka 16 zinashukia miji, komine, sekta na sheferi, na jimbo linabaki na 24. Ugawaji kati ya sekta na sheferi unafuata uwezo wa kuzalisha, ukubwa wa eneo na hesabu ya watu.

Sheria hiyohiyo inataja kodi nyingine: ile ya matumizi ya bia, pombe kali na tumbaku. Hiyo ni mapato ya pamoja ya jimbo na sekta ao sheferi. Maana yake, chupa inayofunguliwa kijijini ina sehemu ya kijijini.

Na katika maisha?

Kukata palepale hakukufuatwa. Makuta yanapanda Kinshasa kwanza, kisha yanarudishwa, mara nyingi kwa kuchelewa na pungufu. Hapo njo taabu inaanza. Sheferi isiyopata sehemu yake kutoka juu inatafuta makuta mahali pa karibu: kwenye bariere, kwenye soko, juu ya gunia la maharagi. Mama mwenye kitunga kimoja analipa pengo lililoachwa na wakubwa. Kwa hiyo habari ya aksizi si ya wanywaji peke yao. Ni habari ya bei ya mavuno yetu.

Kooperative ifanye nini?

Kwanza, tuombe kuona bajeti ya sekta ao sheferi. Kwa sheria, baraza njo linapaswa kuipitisha. Tuangalie mistari miwili: makuta yanayorudishwa kutoka juu, na kodi ya matumizi ya pombe na tumbaku. Kama mstari uko na sifuri, tuulize kwa heshima ni kwa nini.

Pili, kwenye bariere tuombe kitansi, na tuulize jina la kodi. Sekretere wa kooperative aandike katika kaye: tarehe, mahali, kiasi. Kaye yenye miezi sita ina nguvu kuliko makelele ya siku moja.

Tatu, tusiende na maombi kumi. Twende na moja: daraja moja, ao kipande kimoja cha barabara, pamoja na hesabu ya magunia yaliyooza kwa sababu lori halikupita.

Yule mama tulimjibu hivyo. Akasema: «Basi, kaye tutanunua leo.» Akaondoka kuitafuta kabla soko halijafungwa.