Mkono Uliopasuliwa Una Kazi ya Kila Siku



Kwetu Nyololo, kama ilivyo Mufindi nzima, mikono ndiyo mtaji. Kwa mikono tunalima mahindi, tunachuma chai, tunapasua mbao. Mtu akivunjika mkono vibaya, daktari humpasua na kuushikiza mfupa kwa bamba la chuma na skurubu. Baada ya wiki 2 hivi nyuzi hutolewa. Wengi hudhani wamepona. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mfupa wa mtu mzima huchukua miezi 3 au 4 kuunga, na pengine zaidi. Tumbaku huuchelewesha. Chuma kinaushikilia tu. Ukiwahi kulima, chuma chenyewe huweza kukatika. Basi usishike jembe wala ndoo ya maji mpaka daktari aone katika picha ya eksirei kwamba mfupa umeunga. Waombe ndugu wakulimie msimu huo.

Lakini kuacha mizigo si kuufunga mkono shingoni usiku na mchana. Kiungo kisichokunjwa hukakamaa, na kiwiko hukakamaa upesi sana. Vidole vichezeshe tangu siku za kwanza. Kuhusu kiwiko na kifundo cha mkono, muulize daktari uanze lini. Akikuruhusu, fanya mara 4 au 5 kwa siku, hata kama panauma kidogo. Kunja ngumi, ifungue. Geuza kiganja juu kama mtu anayepokea unga, kisha kigeuze chini. Peleka mkono mdomoni, halafu unyooshe.

Usikubali mtu akukande au akuvute kiwiko kwa nguvu, hata akiwa bibi yako. Kiwiko kinacholazimishwa huweza kuota mfupa ndani ya nyama, kikashindwa kabisa kukunjika. Kinyooshe mwenyewe, polepole.

Je, vidole vina ganzi? Mwambie daktari. Mshipa wa fahamu ulioumia huota polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Ukiumia juu ya kiwiko, huweza kupita mwaka kabla vidole havijapata fahamu.

Baridi ya Juni na Julai huweza kuuamsha maumivu mkono wenye chuma. Vaa sweta. Chuma hicho hakishiki kutu kama jembe, na kisipokusumbua huweza kubaki humo maisha yako yote.

Ukiona usaha, homa, uvimbe unaozidi, au vidole vimekuwa baridi na vyeusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.