Mpungate

Mpungate (pia dungusi kakati) ni jina la mimea ya jenasi Opuntia katika familia Cactaceae. Asili yake ni Amerika. Mpungate wowote unaoota Pemba, Unguja au Tanzania bara umetokana na mimea iliyoletwa na watu.

Maelezo

Shina limegawanyika katika vipande bapa na vinene vilivyoungana ncha kwa ncha. Vipande hivi hudhaniwa kuwa majani, lakini ni shina linalohifadhi maji na kufanya usanisinuru. Majani halisi ni madogo sana na hudondoka mapema. Juu ya vipande kuna vidoa vyenye manyoya. Katika vidoa hivyo huota miiba, pamoja na vimiiba vifupi kama nywele ambavyo hunasa katika ngozi na ni vigumu kuvitoa. Maua huwa ya njano, ya machungwa au mekundu. Matunda ya Opuntia ficus-indica huliwa baada ya kuondolewa vimiiba.

Utambuzi

Mpungate huchanganywa na minyaa (jenasi Euphorbia), na kosa hilo ni la hatari: utomvu mweupe wa minyaa huwasha ngozi na ukiingia machoni unaweza kupofusha. Mpungate ukikatwa hutoa ute usio na rangi. Hata hivyo si lazima kukata. Vidoa vyenye manyoya vinatosha kuutambulisha, kwa sababu minyaa haina. Mnyaa wa ua (Euphorbia tirucalli) una vijiti vya mviringo bila miiba; minyaa yenye miiba kwa kawaida huwa nayo miwili miwili kwenye kingo za shina.